Fedha Hizi ni za Nani?

Mzee mmoja wa shirika letu hapa Bunia, mwalimu aliyekwisha pumzika kazi, alitujia jioni moja baada ya sala, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekwenda kuichapisha katika duka la kompyuta karibu na Soko Kuu, maana macho yake hayaoni tena herufi ndogo za simu. Akatupa tuisome, naye akanyamaza.

Ilikuwa barua-pepe iliyoandikwa kwa Kifaransa chenye heshima nyingi. Mwandishi wake alijiita mjane wa jenerali mmoja wa zamani za Mobutu. Alisema marehemu mumewe aliacha dola milioni 22 katika sanduku la chuma, nalo limewekwa amana katika nchi ya ng'ambo. Kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa, wala hana mtoto wa kumtuma. Kwamba amesikia sifa za mzee wetu kuwa ni mtu mwaminifu na mcha Mungu. Akikubali kulipokea sanduku lile kwa jina lake, kana kwamba ni ndugu wa marehemu, asilimia 30 itakuwa yake. Mwishoni aliomba neno moja tu: asimwambie mtu yeyote.

"Ni kweli?" mzee akatuuliza. Lakini tulimtazama usoni, tukaona kwamba hakuja kuuliza. Alikuja kuambiwa ndiyo.

Wasomaji wapenzi, bila shaka wengi wenu mmekwisha kuona barua za namna hii, na pengine mmezicheka. Jibu lake ni rahisi: si kweli, wala hakuna sanduku. Tungeweza kulisema na kwenda zetu. Lakini yafaa tujiulize imekuwaje mtu aliyewafundisha watoto hesabu kwa miaka 30, ambaye sokoni hapunjwi hata franga moja, aishike karatasi ile kwa mikono miwili kama mtu ashikavyo hati ya shamba lake.

Kwanza tujue ya kuwa ulaghai huu ni mzee kuliko kompyuta. Huko Ufaransa, Vidocq, ambaye alikuwa mhalifu kisha akawa mkuu wa wapelelezi mjini Paris, aliandika habari zake katika miaka ya 1830. Wafungwa gerezani walikuwa wakiwaandikia matajiri wa mbali, wakijifanya watumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia wakati wa Mapinduzi, akaficha kasha la dhahabu na almasi njiani. Anayetaka kuonyeshwa mahali pa kasha na atume kwanza fedha kidogo. Barua hizo waliziita barua za Yerusalemu, na Vidocq asema katika barua 100, 20 zilipata majibu. Baadaye hadithi ikahamia kwa mfungwa wa Hispania. Katika siku zetu ikahamia Nigeria, hata watu wakauita ulaghai wenyewe kwa namba 419, yaani namba ya kifungu cha sheria ya nchi hiyo kinachouadhibu.

Halafu ikafika kwetu. Mobutu alifariki Rabat, katika Morocco, tarehe 7 Septemba 1997, na haukupita muda mrefu barua zikaanza kuzagaa duniani kwa jina la mjane wake na la wanawe. Laurent-Désiré Kabila alipouawa tarehe 16 Januari 2001, jina lake nalo likaingizwa katika kazi hiyo. Jamaa zao wenyewe hawakuandika hata mstari mmoja. Waandishi walikuwa watu wasiopata kuiona Kinshasa, waliosoma magazeti tu wakajua kwamba nchi yetu ina vita, ina madini, na ilikuwa na wakubwa waliojilimbikizia mali. Hivyo taabu yetu ikageuzwa kuwa chambo cha kuwavulia Wazungu na Waamerika. Sasa chambo kimerudi nyumbani, nasi tunakimeza wenyewe!

Hata dhahabu ya upande huu wa nchi imetumiwa vivyo hivyo. Mwezi wa Februari 2011 ndege iliyowaleta wageni kutoka ng'ambo ilizuiwa katika uwanja wa Goma. Walikuwa wamekuja kununua dhahabu kwa mamilioni ya dola. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza baadaye jinsi wageni wale walivyovutwa hatua kwa hatua, wakarudi kwao bila dhahabu na bila fedha. Sisi tunaokaa kilometa 80 hivi kutoka Mongbwalu, mahali ambapo watu huchimba usiku na mchana na bado hula muhogo, tungepaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba dhahabu haimtafuti mtu asiyeijua.

Ila tuseme kweli: werevu wa kitabu haumlindi mtu. Huko Brazil palikuwa na benki iliyoitwa Banco Noroeste. Kati ya mwaka 1995 na 1998 mmoja wa wakubwa wake alitoa dola milioni 242 za benki na kuwapelekea walaghai, mmoja wao akijifanya gavana wa Benki Kuu ya Nigeria. Waliambiwa ni za kujenga uwanja mpya wa ndege mjini Abuja. Uwanja huo haukuwako. Benki ile ikafa. Na yule mkubwa, aliyesoma hesabu kuliko sisi sote, alishikwa na nini? Aliahidiwa bahashishi yake mwenyewe, dola milioni 10.

Hapo ndipo tunapoliona fundo la jambo. Barua hizi hazianzi kwa kuidanganya akili. Huanza kwa kuomba kibali cha moyo. Soma tena barua ya mjane. Hakumwambia mzee wetu, "Nitakupa zawadi." Alimwambia: uitwe ndugu wa mtu ambaye si ndugu yako, utie sahihi usichokijua, upokee mali ambayo haikupatikana kwa jasho, na usimwambie mkeo. Mtu akikubali hayo manne amekwisha kufungwa kabla hajatoa senti, maana kutoka hapo hawezi tena kwenda kwa polisi wala kwa padre wala kwa rafiki, bila kueleza kwanza alichokuwa amekubali. Mlaghai amemfanya mshiriki wake, na mshiriki hashtaki.

Tulipomwambia mzee maneno haya, alitujibu neno ambalo hatukulitazamia, nalo ndilo lililotusukuma kuandika.

"Fedha hizo ni zetu," alisema. "Wale waliziiba kwetu. Mimi nilifundisha miezi na miezi bila mshahara, wazazi ndio walionilisha, wakati wao walipokuwa wakijaza masanduku yao. Nikipata sehemu, nimemwibia nani?"

Tusimcheke, maana swali lake lina uzito. Kila mtu mwenye umri wake akumbuka jinsi walimu wa Zaire walivyoishi katika miaka ya 1990, na jinsi wazazi walivyojikamua ili shule zisifungwe. Dhahabu ya Kilo ilijulikana na Wazungu tangu mwaka 1903, nayo imechimbwa na kuchukuliwa katika kila serikali iliyopita hapa, na barabara ya kwenda huko bado ni matope. Mtu aliyeibiwa hivyo, naye akaona mlango wa ghala la mwizi uko wazi, asiingie?

Twajibu hivi. Mali iliyoibwa kwa wengi hairudi kwa kupewa mmoja gizani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, aliweka malipizi katika fadhila ya haki: kitu kilichochukuliwa sharti kirudi kwa yule aliyechukuliwa. Basi, na tuhesabu ni nani aliyechukuliwa. Ni mwalimu wa Mahagi, na mwuguzi wa Irumu, na mama auzaye samaki huko Aru, na mtoto aliyekufa kwa kukosa dawa. Mzee wetu ni mmoja kati yao, ndiyo. Lakini barua ile haikusema, "Tuwarudishie." Ilisema, "Tugawane, mimi 70, wewe 30." Anayekubali mgawo huo hakuirudisha mali kwa wenyewe, amekaa mezani pamoja na aliyeiiba. Na kwa kuwa yeye mwenyewe aliibiwa, ajua vizuri kuliko wengine anachokifanya.

Tena, mlango wa ghala haukuwa wazi. Fedha za wakubwa waliokimbia zinapokuwapo kweli, haziji kwa barua-pepe. Uswisi ilizuia mali ya Mobutu mwaka 1997, na watu waliozoea kutaja mabilioni walistaajabu kusikia kwamba fedha zilizozuiwa zilikuwa faranga za Uswisi milioni 7.7 hivi. Mashauri yakachukua miaka 12. Mwaka 2009 fedha zikaachiwa warithi, kwa sababu mahakama iliona muda wa kuwashtaki umepita. Sisi wa Kongo hatukupata kitu. Ni habari ya kutia uchungu, nasi hatuipambi. Lakini ndivyo fedha za kweli zinavyokwenda, kwa mawakili na mahakimu na magazeti, mchana. Hakuna mwalimu wa Bunia aliyeombwa atume ada ya kufungulia sanduku.

Ada ile sasa. Tulimwuliza mzee kama amekwisha kutuma kitu. Akatazama chini. Alikuwa ametuma dola 60 za "hati", kisha dola 120 za "ushuru", na sasa walitaka dola 250 za "bima", ndiyo sababu akatujia. Hiyo ndiyo njia yao siku zote. Fedha kubwa iko mbele, fedha ndogo inatoka mfukoni mwako, na kila ukilipa kinatokea kizuizi kipya, na kila kizuizi ni cha mwisho. Mtu haachi, maana akiacha leo amekiri kwamba za jana zilipotea. Hulipa za tatu ili aziokoe za kwanza na za pili. Na akiisha kuacha kabisa, huja barua nyingine, hii ya "polisi" au ya "wakili", ikisema mlaghai amekamatwa na fedha zake zitarudishwa, ila kuna ada kidogo. Mwandishi ni yule yule, au amemwuzia mwenzake jina la mtu aliyekwisha kulipa.

Wengine husema zamani uliweza kuzitambua barua hizi kwa makosa ya lugha. Neno hilo lina ukweli nusu. Mwaka 2012 mtaalamu mmoja wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, alionyesha kwamba upuuzi wa barua hizo una faida kwa mwandishi: ni kama ungo. Wenye shaka wote huanguka upesi, hubaki wale tu watakaokwenda mpaka mwisho, wala mlaghai hapotezi siku zake kwa wengine. Na siku hizi kompyuta yenyewe humtungia mtu barua safi kwa Kifaransa, na hata kwa Kiswahili. Kwa hiyo makosa yakikosekana si alama ya ukweli. Jina la mtumaji nalo si alama, kwani mtu aweza kujiandika jina lolote juu ya barua. Itazame anwani yenyewe, uone kama benki inayojigamba kwa mamilioni huandika kutoka anwani ya bure ambayo hata mwanafunzi aweza kuifungua. Picha ya askofu juu ya ukurasa si alama, maana picha huibwa. Ukiandikiwa kwa jina la mtu unayemjua akuombe fedha, mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti yake, umwulize jambo ambalo yeye tu alijua. Namba ya siri ya fedha za simu yako usimpe mtu, hata akisema ameajiriwa na kampuni yenyewe.

Hizo ni hila za mikono, zafaa kujulikana. Lakini hila hubadilika kila mwaka, wala hatuwezi kuwafuata walaghai mbio. Swali moja halibadiliki: fedha hizi ni za nani, na kwa nini nisiseme habari zake mbele ya mke wangu?

Hata hivyo yatupasa kujihadhari tusije tukamhukumu kila aliyedanganywa kuwa mwenye tamaa. Kuna barua za namna nyingine ambazo haziombi mtu ashiriki wizi. Humwahidi kijana kazi Kanada, au nafasi ya masomo Ulaya. Humwahidi aliyekimbia vita kwamba jina lake limechaguliwa kuhamishiwa nchi ya amani, ila alipe fomu. Mama aliyeikimbia nyumba iliyochomwa, anayelala chini ya turubai katika kambi ya Kigonze na watoto watano, akiiamini barua kama hiyo, ana kosa gani? Alitamani usalama, nao ni haki yake. Huyo hakutegwa kwa tamaa, alitegwa kwa taabu. Aliyemwibia alichagua kwa makusudi mtu asiye na kitu, na kwa maoni yetu dhambi hiyo ni nzito kuliko kumwibia tajiri milioni, maana amemnyang'anya hata sababu ya kungoja kesho. Wenye kambi jirani wasisitiziwe jambo hili: huduma za shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, ni za bure. Yeyote aombaye fedha kwa ajili ya kuandikisha jina au kumhamisha mtu ni mwizi, hata avae koti lenye alama.

Na mzee wetu je? Yeye alikuwa na tamaa au alikuwa na taabu? Tumelifikiri sana jambo hili, nasi twaona alikuwa na vyote viwili, navyo vilisukana kama kamba. Alikuwa na mjukuu wa kulipia shule. Alikuwa pia na ile hasira ya haki juu ya mishahara iliyopotea. Na katikati ya hayo palikuwa na sauti ndogo iliyosema, "Usimwambie mtu," naye akaitii. Nani kati yetu aweza kusema asingeitii?

Msomaji mmoja atasema: basi dawa ni kutomwamini mtu. La, hasha. Bunia yote huishi kwa kuaminiana. Mwanamke hutuma fedha kwa simu mpaka Mahagi kwa ndugu asiyemwona, naye dada yake hutia kila juma fedha zake katika likelemba, akingoja zamu yake kwa miezi. Imani ya namna hiyo si upumbavu. Mwenye likelemba twamjua nyumba yake, twawajua watoto wake, twaweza kumwuliza mbele ya watu naye akajibu mbele ya watu. Bwana wetu aliwataka wanafunzi wawe na busara ya nyoka pamoja na upole wa njiwa, wala hakusema mmoja achague nyoka na mwingine achague njiwa. Anayeamini kwa busara humwamini shahidi anayeweza kuulizwa. Mjane wa barua ile hakuwa na nyumba, wala jirani, wala mtu wa kumshuhudia. Alikuwa na haraka tu, na siri.

Tukarudi kwa mzee. Zile dola 180 hazikuwa zake zote. 100 zilikuwa za likelemba ya shirika, ambayo yeye ndiye mtunzaji wake. Tulimwambia wazi, kwa heshima ya umri wake, kwamba hapo amepita mpaka, na kwamba kudanganywa hakumwondolei deni. Akakubali. Kilichomtia hofu si deni. Ni aibu. "Watoto niliowafundisha watasema nini?" alisema, na sauti yake ikatetemeka.

Katika shirika palikuwa na maneno. Mmoja alisema amejitakia, na atolewe utunzaji mara moja. Utunzaji alitolewa kweli, nasi twaona ni haki, kwa maana mali ya watu haiwekwi tena mahali ilipovuja. Mwingine alitaka apelekwe kwa polisi. Mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma, aliuliza kama kuna mtu atakayempeleka polisi yule aliyeandika barua. Kicheko kikatoka, kisha kimya. Sheria iko, tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya mambo ya dijitali, inayowahusu pia wahalifu wa kompyuta. Lakini sheria haiwezi kumtafuta mwizi ambaye hakuna aliyesema kwamba alikuja. Wale waliopotelewa hunyamaza kwa haya, na kwa kimya chao mlaghai hupata nafasi ya kwenda nyumba ya pili.

Tulipatana kwamba mzee alipe dola 10 kila mwezi mpaka zitimie 100. Juu ya hayo, tulimwomba, bila kumlazimisha, awasomee wenzake barua ile kwa sauti. Alikataa majuma mawili. Juma la tatu akaja na karatasi ile ile iliyokunjwa mara nne, akavaa miwani yake, akaisoma yote kwa Kifaransa, kisha akaieleza kwa Kiswahili kama afanyavyo mwalimu: hapa ananisifu, hapa anataja ugonjwa, hapa ananiambia nisiseme. Alipofika kwenye asilimia 30 alisimama kidogo, akasema, "Na hapa mimi nilikubali."

Watu walipokuwa wakitoka, mama mmoja alibaki nyuma. Alitoa simu katika kitenge chake, akatupa tusome. Jina la mjane lilikuwa lingine, na sanduku lilikuwa na milioni 15. Alikuwa hajatuma kitu bado.